Jogoo wa Mkwe

Tangu tuta la kuzuia maji ya mto libomoke, katika kata yetu hakuna kinachoamka kwa wakati isipokuwa kuku wangu. Mwenyekiti wa baraza huamka jua likiwa utosini. Mganga wa zahanati akija, huja mchana na kuondoka mchana uleule. Mke wangu Jobeda aliposhikwa na homa tulimpeleka kwa mtumbwi mpaka hapo zahanati, tukakuta mlango una kufuli, na kufuli lenyewe limeshika kutu. Sitaki kuliendeleza hilo. Nikilianza huwa sinyamazi, na leo nimekaa niseme habari za kuku.

Jobeda aliacha tetea mweusi, kishingo, yaani wale wasio na manyoya shingoni, akiatamia chini ya kitanda chetu ndani ya kapu. Kwenye kapu alikuwa ameweka msumari wa chuma na pilipili kavu, ili radi isiyaharibu mayai. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyofanya. Sisi tukarudi kutoka kumzika, watu wakala, wakatoa pole, wakaenda zao. Nyumba ikanyamaza. Basi nikasikia chini ya kitanda kitu kinagonga, tik, tik, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Mayai yalikuwa yanapasuka.

Kwetu kuku ni mali ya wanawake. Mwanamume anamjua kuku akiwa sahanini. Nilipotoka uani na bakuli la pumba, Morjina, jirani yangu, mke wa binamu yangu, alisimama kwenye ua wa mianzi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji Mokhles! Unawamwagia pumba kavu puani? Unawalisha au unawapiga vumbi?"

"Wewe unataka niwapikie pilau?"

"Lowesha maji kidogo, wewe! Uchanganye na chenga za mchele. Halafu chuchumaa. Kuku hampendi mtu anayesimama kama polisi."

Nikachuchumaa. Mpaka leo sijainuka vizuri.

Nieleze vipi? Asubuhi nikifungua kibanda, wanatoka mmojammoja, kila mmoja ananyoosha bawa moja na mguu mmoja, kama watu waliolala ugenini. Kisha kelele. Kila mmoja ana habari ya kunipa. Yule mwekundu hutaga karibu na gunia la mpunga, akimaliza hutangaza mpaka ng'ambo ya mto, na wenzake wasiotaga chochote wanamwitikia kwa fahari ileile. Yai nalichukua likiwa moto bado, nalishika shavuni kabla ya kuliweka kwenye mtungi wa mchele. Mchana wanachimba mashimo chini ya mti wa ndimu, wanajitupia vumbi, wanalala ubavu, macho nusu yamefumba, miguu hewani, hata unaweza kudhani wamekufa kwa raha. Nami nakaa kizingitini na chai yangu. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya baraza tangu asubuhi hadi jioni, wakubwa wakituahidi tuta jipya, na sijawahi kutoka huko nimefurahi hata kidogo. Kwa kuku natoka nacheka peke yangu.

Katika wale vifaranga wa chini ya kitanda, mwewe alichukua wake, maji yakachukua wake, akabaki mmoja. Akakua jogoo, shingo tupu nyekundu kama aliyechubuliwa, mkia wa kijani unaong'aa, undu wa kichwani umelala upande mmoja kama kofia ya mhuni. Nikamwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa anapiga kelele tangu alfajiri bila kufanya kazi yoyote niliyoiona.

Lakini nilipomtazama vizuri nikaona nimekosea. Akipata punje nzuri hali. Anaiokota, anaidondosha, anaiokota tena, huku anaita ko-ko-ko-ko, mpaka matetea waje mbio, na punje anachukua wa kwanza kufika. Yeye anasimama pembeni, kifua mbele, tumbo tupu. Nikamvua uenyekiti siku hiyohiyo. Mtu anayeita wenzake kwenye chakula hawezi kubeba cheo kile. Nikamwita Nawabu, kama wale watawala wakarimu wa zamani.

Sasa hapo ndipo Shirina aliponipigia simu.

Shirina ni binti yangu wa pekee, ameolewa kijiji cha mbali, upande wa barabara iendayo mji wa Khulna. Mumewe, Tofazzal, ni fundi wa mashine za kusukuma maji, kijana mpole. Tatizo ni mama yake. Mara ya mwisho Tofazzal alipokuja kwangu, Jobeda alikuwa ndiyo kwanza ametoka duniani na maji yamejaa uani. Nilimpa dengu na viazi vya kuponda. Na kwetu mkwe akija nyumbani huchinjiwa jogoo. Hilo halina mjadala. Usipomchinjia, umewaambia watu wa kwao kwamba binti yako hana thamani.

"Baba, tunakuja Ijumaa," Shirina alisema. Sauti ilikuwa ya chini.

"Karibuni, mama. Mbona sauti hiyo?"

"Mama mkwe kila nikikosea chumvi anasema, 'Kwenu mwanangu alilishwa dengu kama mfungwa.' Jana alisema mbele ya wageni. Baba, safari hii, tafadhali..."

"Atakula jogoo," nikamwambia. "Mwambie mama mkwe wako aoshe masikio, harufu itamfikia huko huko."

Akacheka kwa furaha, nikakata simu. Nikamtazama Nawabu. Alikuwa juu ya gogo anamwitia yule mwekundu panzi.

Nikatoka kutafuta jogoo mwingine. Nilizunguka kijiji kizima. Nyumba ya kwanza hapana, ya pili hapana. Kila nilipouliza, watu walinitazama kama mtu aliyetoka usingizini.

"Jogoo gani, Mokhles?" aliniuliza mzee Hatem, muuza majani ya tambuu. "Hukuwepo walipopita watu wa mwenyekiti? Si wamekusanya majogoo wote wa kienyeji kwa ajili ya yule mkubwa aliyekuja kukagua tuta?"

"Na tuta alilikagua?"

"Alikagua mapaja. Mvua ikaanza, akanawa mikono, akaingia kwenye gari."

Kwangu hawakuja. Wanajua mdomo wangu. Mkitaka kujua kwa nini mimi ni mtu wa hasira, basi ni hayo. Tuta halikujengwa, na majogoo wameliwa.

Morjina akanipa shauri. "Nunua broila sokoni."

"Nimpe mkwe broila? Si bora nimpe dengu tena? Mama yake atasema nimemlisha pamba."

"Basi mchinje huyo wako. Au mchinje mkwe. Mmoja lazima."

"Shemeji, huyu Jobeda alimwekea msumari na pilipili."

Hapo Morjina hakucheka. Alipitisha mkono kwenye ua akanipa vitunguu. "Kaangia hivi," alisema. "Binti yako naye ni wa Jobeda."

Neno hilo lilinimaliza. Nikaamua.

Ijumaa asubuhi nilimfunika Nawabu chini ya tenga. Nikanoa kisu mpaka kikaweza kunyoa ndevu. Matetea walisusia pumba. Walilizunguka lile tenga, wakichungulia matunduni, na yeye ndani, hamtaamini, alikuwa ameokota kipande cha chenga anaita ko-ko-ko, anajaribu kukisukuma nje kwa mdomo.

Baada ya sala wakafika, Shirina na sari mpya ya rangi ya manjano, Tofazzal na chungu cha peremende za maziwa. Shirina akaingia jikoni moja kwa moja, akaanza kukaanga vitunguu, akiimba. Tangu mama yake afe sijasikia mtu akiimba kwenye jiko lile. Nikasema moyoni, jogoo si kitu. Nikachukua kisu.

Tofazzal alikuwa uani ananawa miguu.

"Baba, nani huyo amewekwa rumande?"

"Huyo ni chakula chako, mkwe."

Akacheka, akainua tenga amtazame. Kule kuinua tu! Nawabu akatoka kama risasi. Lakini hakukimbia mbali. Alisimama, akajikung'uta, akaona punje iliyoanguka karibu na mguu wa Tofazzal, akaanza kazi yake. Aliokota, akadondosha, akaita. Matetea wakaja kwa vishindo, mmoja akapita katikati ya miguu ya mkwe wangu na kumwagia maji ya kopo.

"Ebo! Huyu hali mwenyewe?" Tofazzal alisema, akachuchumaa. Nilimtazama anavyochuchumaa. Hakusimama kama polisi.

"Hali mpaka wao wale."

"Nani kamfungulia?" Shirina alitoka na mwiko mkononi. "Vitunguu vimeshakuwa vyekundu! Mkamateni!"

Mimi upande huu, Shirina upande ule, Nawabu akaruka kibanda, akaruka gunia, akatua kichwani pa Tofazzal, akajisukuma kutoka hapo na kupanda juu ya paa la bati. Morjina kule uani kwake alikuwa amekwisha kutoka na watoto wake wote.

"Mkwe kavishwa kilemba!" alipiga kelele. "Harusi ya pili hiyo!"

Shirina alicheka hadi akakaa chini na mwiko wake. Kisha akainua uso kumtazama jogoo pale juu, jua likimpiga kwenye ile shingo nyekundu, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Baba. Huyu ni wa yule kishingo mweusi wa mama?"

"Alikuwa yai," nikasema. "Siku ile alikuwa yai."

Akatazama kisu mkononi mwangu. Akaja akakichukua, akakifuta kwenye sari yake mpya ingawa kilikuwa safi, akakiweka juu ya kibanda. Kisha akamgeukia mumewe, na hofu ikamrudia. "Mama yako atasema nini?"

Tofazzal alikuwa bado amechuchumaa, anatoa unyoya nyweleni. Akaugeuzageuza.

"Ugonjwa wa kideri umemaliza kuku wote wa mama," alisema. "Wa chanjo walisema jokofu limeharibika. Tangu siku hiyo mama hana anachogombana nacho uani, ndiyo maana anagombana jikoni." Akanitazama kwa aibu. "Baba, mimi nikila jogoo huyu, nitamaliza leo hii. Nipe mayai ya matetea wake. Nimpelekee mama."

Ilibidi nigeuke nijifanye natafuta kitu. Mkwe hakataliwi anachoomba, hiyo nayo ni desturi, na sijawahi kuifuata kwa mbio kama siku ile.

Vitunguu vilikuwa tayari, basi Shirina akachemsha mayai, akayakaanga mpaka yakapata ngozi ya dhahabu, akayatia kwenye mchuzi ule wa jogoo asiyekuwepo, na viazi. Palipotakiwa paja, alimwekea mumewe yai kubwa kuliko yote, la yule mwekundu. Tofazzal akalishika kwa vidole, akajifanya anang'ata mfupa na kunyonya uboho. Nilicheka hadi wali ukanipalia.

Jioni nilitoa mtungi wa mchele, nikachagua mayai, kila moja nikilitazama kwenye mwanga wa jua linalozama. Nikayapanga kwenye chungu kwa makapi ya mpunga. Shirina akaingia chumbani bila kuambiwa, akatoka na msumari wa mama yake na pilipili kavu, akavitia humo. Wakaondoka kwa baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, Shirina kapakata chungu, anamkemea dereva kwenye kila shimo. Na mashimo ya barabara ile mnayajua, na wa kuwauliza mnawajua.

Siku zilipita kimya. Nikafikiri yamevunjika, au mama mkwe ameyatia kwenye kikaango pamoja na jina langu. Kisha Shirina akanong'ona kwenye simu kwamba mama mkwe ameazima tetea wa kuatamia kwa dada yake, na ameyaweka mayai kapuni chini ya kitanda chake mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kupaza sauti chumbani.

Muda ukapita tena, wa kutosha manyoya kuota na mpunga kukatwa. Asubuhi moja nipo uani na pumba zangu, simu ikalia. Alikuwa yeye mwenyewe, mama mkwe wa binti yangu, ambaye hajawahi kunipigia tangu harusi.

"Mkwe! Umenitumia balaa gani?"

"Kwani vipi, mkwe?"

"Huyu mwenye shingo tupu! Kabla ya adhana, yeye. Baada ya adhana, yeye. Majirani wananijia. Halafu nikimpa mchele hali, mpumbavu, anawaita wenzake! Mwanamume gani huyo?" Alikuwa anahema kwa raha. "Nimewaambia watu hapa, kuku wa namna hii hawapo kata nzima. Wametoka kwa mkwe wangu. Shirina! Leta pumba, na uziloweshe! Hawa hawali kavu! Sikiliza, sikiliza, anaanza tena."

Nikasikia kule mbali, ndani ya simu, sauti changa, imepasuka katikati, inajifunza.

Nawabu alikuwa juu ya gogo. Aliacha punje yake. Akainamisha kichwa upande mmoja, akatazama mkono wangu. Nikanyoosha simu karibu naye. Sauti ile ikaja tena, na yeye akapiga mabawa, akanyoosha shingo yote nyekundu, akajibu kwa ghadhabu hivi kwamba matetea wakatawanyika na Morjina akatoka nje na mswaki mdomoni.

"Shemeji, anagombana na nani?"

"Na mwanawe," nikasema. "Nyamaza, tusikie anajibiwa nini."