Ukurasa Unaoomba Mji

Haya, nitegulie hiki: mzee wangu ana mguu mmoja na mbavu nyingi, kiangazi chote amelala pembeni, siku akiamka hufungua kifua akalia machozi yasiyo yake. Ni nani huyo? Usinijibu sasa. Kaa nacho mdomoni kama pipi, maana yupo mtu mzima mwenye tai kitakayemsumbua kuliko wewe.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya jokofu, mlango wazi, haoni hata anachotafuta. Akaufunga. Akaenda dirishani, akarudi, akaufungua tena.

"Humo ndani hakijaongezeka kitu," Bibi yake alimwambia kutoka kwenye kochi. "Hebu kaa, mjukuu wangu, unanitia kizunguzungu."

"Nafikiri, Bibi."

"Watu hufikiri wamekaa."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumatatu Meneja alitaka jibu: ofisi ya pembeni anaichukua au haichukui? Ofisi ile ilikuwa na mlango wake na kiti cha kuzunguka. Mwenye kukikalia angesimamia wenzake tu. Kuandika programu ndiyo basi. Kazini walishampa hongera, na Fundi mwenyewe, ukimbana, hakujua kama kuna cha kulilia. Zamani alikuwa akiandika mistari miwili, anabonyeza, kitu kinatokea kwenye skrini, anacheka peke yake kama mwehu. Siku hizi alitengeneza fomu. Fomu ya kuomba, fomu ya kuthibitisha kwamba umeomba, na kitufe ambacho kikao kizima kilibishana kiwe cha buluu au cha buluu zaidi. Kicheko kilipotea lini, hakukumbuka. Kilipotea kama kijiko cha jikoni: huijui siku, unashtukia tu hakipo.

Akafungua kompyuta yake ili mikono ipate shughuli. "Nitegee kimoja, Bibi, nikuwekee kwenye mtandao."

Bibi hakuombwa mara mbili. "Anazunguka nyumba nzima akila, na hashibi."

"Ufagio."

"Hicho nilikupa hujaota meno, hakihesabiwi. Andika."

Chai haijapoa, ukurasa ulikuwa tayari: kitendawili juu, kisanduku cha jibu chini, kitufe pembeni. Fundi akaiweka kompyuta mapajani mwa Bibi. Bibi akavaa miwani, akazitafuta herufi moja moja kama mtu anayeokota sindano zuliani. Akaandika: kuku. Akabonyeza. Kisanduku kikawa chekundu. JIBU SI SAHIHI. JARIBU TENA.

"Nani huyu ananifokea kwangu?"

"Bibi, jibu si kuku, na wewe unajua."

"Nimekosea makusudi, nione adabu zake. Hana." Akavua miwani. "Aliyeshindwa hafokewi, mama. Anaombwa mji. Akikupa mji unauendea, unamsimulia ulivyopokewa huko, ndipo unampa jibu lake. Huyu wako hata safari hana! Amekaa tu kama karani wa dirishani."

Fundi alihisi masikio yanamwaka. Maneno yale mekundu hakuyafikiria hata kidogo. Vidole vilijiandikia vyenyewe, kama vinavyojiandikia kila siku kazini.

Akafuta yote, akaanza upya. Ukurasa ukajifunza kusema, "Umeshindwa? Basi nipe mji." Ukipewa mji, kitone kidogo kinaanza kutambaa kuvuka skrini, na chini yake masimulizi: nimekwenda, nimekwenda, nimefika, wamenipokea kwa vifijo, wamenipa kiti kikavunjika. Bibi alitunga, Fundi akaandika. Mara ya kwanza kitone kilikataa kusimama. Kikaupita mji, kikatokomea nje ya skrini.

"Huyo kalewa," Bibi akasema.

Fundi akaangua kicheko, akajishtukia. Alikijua kicheko hicho. Alipoinua kichwa, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili, na jokofu hakuna aliyeligusa.

Lakini usimwone ametulia. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Juzi angeikubali ofisi huku amesinzia. Sasa kila akiiwaza, kiti kinamshinda. Alizunguka chumba, akaketi kuongeza vitendawili, cha mzee wa mguu mmoja kikiwamo, akasimama, akazunguka tena.

"Ukikataa watakufukuza?" Bibi akauliza.

"Hapana."

"Watanuna?"

"Watanuna sana."

"Mh," Bibi akasema.

Jumatatu Meneja alimkuta mezani, ukurasa uko wazi mbele yake.

"Hii ni ya mteja gani?"

"Ya Bibi yangu, mzee."

Meneja akainama, tai ikaning'inia juu ya kibodi. Akamsoma mzee mwenye mguu mmoja na mbavu nyingi. Bila kuomba ruhusa akaandika: mti. Ukurasa ukamwambia kwa upole, "Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Mji wa nini?"

"Ukitoa mji unapewa jibu."

"Mimi sitoi mji." Akajinyoosha. "Nilikuja kwa habari ya ofisi. Unaichukua?"

Fundi akasimama, akakaa, akasimama tena. "Siichukui. Naomba nibaki hapahapa, niandike. Na ile fomu ya wateja nipe niiandike upya. Inafokea watu."

"Unajua nitampa mwingine, na huyo mwingine atakusimamia wewe?"

"Najua."

"Na hapendi utani."

"Najua, mzee. Ndiye aliyetaka buluu zaidi."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Meneja hakucheka. Alitoka, na mlango ukajibamiza nyuma yake.

Wenzake wakainamia kompyuta zao. Fundi akavuta droo, akairudisha. Akaandika mstari, akaufuta. Nje mbingu zilikuwa zimefunga tangu alfajiri. Sasa matone ya kwanza yakagonga kioo, moja moja, kisha kwa fujo. Huko ukumbini viatu vya Meneja vilisikika vikienda. Vikasimama. Halafu vikaanza kurudi, mbio mbio.

Mlango ukafunguka, kikaingia kichwa tu, tai imekaa begani.

"Mwavuli!" Meneja akasema. "Na mji sitoi."