Maji ya Kuoshea Toroli

Sauna yangu ya zamani, kibanda cha kuogea mvuke, ilioza sakafu mwaka juzi, na kwetu mtu asiye na sauna ni kama mtu aliyepanga chumba kimoja mjini. Kwa hiyo mwezi wa nane majirani walikuja kunijengea mpya kwa kazi ya pamoja, kama walivyofanya babu zetu tangu walipohamia huku kutoka Ufini. Wao wanaleta mikono, mwenye nyumba anapika kahawa na kuoka mkate wa iliki.

Msimamizi alikuwa jirani yangu Reino Saarivirta. Miaka ishirini sasa anahesabu samaki aina ya samoni katika kijito cha Honkala, kinachopita nyuma ya kwangu. Mimi nilitaka sauna iwe ukingoni kabisa, nitoke kwenye joto nijitose majini kama mama yangu alivyokuwa akifanya. Reino akakataa.

"Hatua arobaini kutoka kijitoni, Impi."

"Arobaini! Nitakuwa nimeshakauka kabla sijafika."

"Basi kimbia."

"Na miaka yangu sabini na minne?"

"Tutakusukuma kwa toroli," akasema Saima, rafiki yangu tangu shule ya msingi, na watu wote wakaangua kicheko.

Reino hakuruhusu mti wowote wa ukingoni ukatwe, maana kivuli chake ndicho kinachoyaweka maji baridi, na samoni hawezi kuishi kwenye maji ya vuguvugu. Alilaza magunia marefu ya nyasi kavu ili udongo usiteremkie kijitoni ukafukia mayai. Kisha akachimba shimo, akalitandika turubai la plastiki.

"Kila kilichogusa zege kinaoshewa hapa," alisema. "Maji ya saruji yanaunguza. Na hiki ni kiangazi, kijito kimebaki chembamba, vifaranga wa samaki wamejazana kwenye vidimbwi. Umesikia, Impi?"

"Nimesikia, bwana. Masikio bado yapo."

Nilikuwa nimesikia kweli. Hapo sina pa kujifichia.

Zege lilimwagwa Jumamosi. Watu walipokwenda zao, nilibaki na matoroli mawili ya Reino na ndoo zake, vyote vimepakaa zege. Nasi tuna desturi moja ambayo mama alinifundisha kwa fimbo: kitu cha kuazima kinarudi kwa mwenyewe kikiwa safi kuliko kilivyokuja. Nilianzia shimoni, kama nilivyoagizwa. Lakini shimo lilikuwa limeshajaa maji machafu, na kila nilichoosha kilitoka na utando mweupe. Toroli la Reino likawa kama limetolewa kwenye gunia la unga. Niliona aibu kulirudisha vile. Aibu hiyo niliiona upesi sana.

Nikayasukuma matoroli mpaka barabarani, penye mtaro, nikavuta mpira wa maji. Nilisugua karibu saa nzima. Maji yalitoka meupe kama maziwa, yakaingia kwenye kalvati, lile bomba la chini ya barabara. Nilijiambia ni ndoo chache tu, yatanywewa na ardhi njiani.

Jumapili Reino alikuja kuchukua vyombo vyake. "Haya ni yangu kweli? Impi, humu mtu anaweza kukandia mkate!" Nikacheka kwa furaha kama msichana.

Jumatatu asubuhi alirudi na ndoo. Ndani mlikuwa na vifaranga wa samoni, urefu wa kidole, matumbo juu, mashavu yamebabuka. Alikuwa amewahesabu, kwa sababu Reino hawezi kuona samaki asihesabu.

"Mia mbili na kumi na sita. Dimbwi lililo chini ya kalvati. Hakubaki hata mmoja."

Nikafungua mdomo.

"Ni yule wa Tacoma," akasema kabla sijatoa neno. "Mtaro unapita kwake kwanza. Kwako tulichimba shimo."

Nikaufunga.

Yule wa Tacoma ni Rogelio Pangilinan, fundi kutoka mjini aliyekuwa akijenga nyumba ya mapumziko ng'ambo ya barabara, juu kidogo ya kwangu. Kufika mchana habari ilikuwa imeenea. Saima alinipigia simu. "Si nilisema? Wanakuja kupiga picha kijito chetu, halafu wanakiua!" Ilisemekana afisa wa samaki atafika Ijumaa, na akiona kosa ni lake, Rogelio atanyang'anywa kibali cha kujenga. Dukani walimwambia misumari imekwisha, na misumari ilikuwa nyuma ya muuzaji, inaonekana.

Jumatano nilikwenda kwake. Natamani ningeandika kwamba nilikwenda kumweleza ukweli. Nilikwenda kutafuta uchafu wake. Nikiuona hata kidogo, niliwaza, lawama itagawanyika, nami nitapata usingizi.

Shimo lake lilikuwa na turubai mbili na kifuniko. Nyumba aliisimamisha juu ya nguzo ili mvua ipate kuzama chini yake. Pa kuegesha magari aliweka kokoto tupu. Maji ya paa aliyaelekeza kwenye bonde dogo lililopandwa mimea ya huku huku, yachujwe kabla ya kufika kijitoni.

"Vyombo nakwangua kwanza vikiwa vikavu, bibi," alinionyesha, mwiko mkononi. "Ukikwangua vizuri, kopo moja la maji linatosha."

Akanifutia kiti vumbi, akanimiminia kahawa. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kunijulia hali wiki hii."

Nikainywa kahawa yake yote, nikashukuru, nikaenda nyumbani.

Alhamisi tulikutana kwenye ukumbi wa kijiji. Reino alisoma hesabu yake. Rogelio alisimama nyuma, kofia mkononi, akasema, "Njooni mwone shimo langu, basi."

"Shimo la kuonyesha wageni!" Saima akamtupia.

Nikainuka. "Kitendawili," nikasema. Hayo ni mazoea yangu, na pia niliogopa.

"Tega!" wakaitikia, wakifurahi kupumua kidogo.

"Kawaua samaki wenu, na leo mmempa kiti cha mbele."

Wakageuka kutazama viti vya mbele. Nikaona kwamba hata hilo nimelifanya mchezo, basi nikasema wazi: matoroli, mpira wa maji, mtaro, Jumamosi. Mimi.

Saima ndiye aliyesema kwanza. "Jamani, si alikuwa anasafisha tu? Bibi wa watu!"

"Ndoo mbili tatu," akasema mwingine.

"Yeyote angesahau."

"Sikusahau," nikasema, lakini mtu alikuwa ananipigapiga begani, na mwingine ananiletea kikombe. Walinisamehe kwa muda wa kumimina kahawa, watu wale wale waliomficha mwenzao misumari. Nilitamani wanizomee.

Rogelio aliwatazama wao, hakunitazama mimi. "Jumatatu yalikuwa mauaji," akasema. "Leo ni ajali?"

Akavaa kofia. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Nilikunywa kahawa yako," nikamwambia.

"Ndiyo," akasema. "Ulikunywa."

Akashuka ngazi. Reino alikuwa bado anakunja karatasi zake. "Afisa anafika saa tatu," alisema bila kuinua macho. "Utamwonyesha mwenyewe."

Ijumaa saa tatu nilisimama kando ya mtaro na afisa, dada mmoja mwenye buti za mpira. Nilimwonyesha nilipoegesha matoroli na maji yalikopita. Saima alipita na gari lake, akapiga honi, akanipungia mkono kwa uchangamfu, kama kila siku. Sikujua niuweke wapi wangu.

"Ulijua kalvati hili linatokea wapi?" afisa akaniuliza.

Ningeweza kusema sikujua. Angeniamini, nina sura ya kuaminiwa.

"Nilijua," nikasema.

Akaandika.