Wanaojiangusha

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, ndiyo siku mambo yalipoharibika, na yaliharibika kimyakimya, kama tairi lililoingiwa na mwiba mdogo.

Fundi baiskeli alimshika Mwalimu wa aikido, mchezo wa Kijapani wa kuangushana, kifundo cha mkono wa kushoto, kama alivyomshika miaka yote. Mwalimu alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe.

"Shemeji, kamata! Hujashika kifaranga hapo!" Mwalimu alimtania, mkeka mzima ukacheka.

Nguvu ya Mwalimu haikuwahi kutoka begani. Ilipanda toka kisigino, ikapita nyongani, ikajikusanya chini ya kitovu, ndipo ikatokeza vidoleni. Ukija kushtuka, umeshalala. Ni kama baiskeli nzima: kanyagio likisukumwa, gurudumu linaitika papo hapo.

Siku ile kanyagio lilizunguka, gurudumu likakawia. Nyonga iligeuka, mkono ukabaki nyuma kama mgeni asiyejua mlango.

Naye Fundi akaanguka, puu! Alijiangusha, maana mwanafunzi hamuaibishi mwalimu wake. Alilala akitazama dari, akimkumbuka mkewe. Mkono wa mkewe nao ulianza hivyohivyo, vikombe vikimponyoka. Wakubwa wa hospitali wakasema ni uchovu, mama akapumzike. Amepumzika mpaka leo.

"Shemeji, twende ukapimwe," alimwambia Mwalimu walipokuwa wakivaa viatu.

"Nipimwe nini? Mgonjwa gani anaangusha watu wazima kutwa nzima?"

Fundi akamwendea Mwenyekiti wa chama cha aikido, akamweleza habari ya mkono ule.

"We Mnyororo, acha nuksi zako," Mwenyekiti alisema, akimwita Fundi kwa jina lake la utani huku akipangusa meza ya wageni. "Jumamosi wakubwa wanakuja kumtazama Mwalimu. Leo si amekurusha?"

"Nilijiangusha."

"Basi Jumamosi jiangushe tena. Na uanguke kwa kishindo."

Ndio hao wakubwa. Kiti kikiwa na mto, makalio hayausikii msumari.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wanafunzi waliingia mkekani mmoja mmoja, kila mmoja akaanguka kwa kishindo kuliko mwenzake, na wageni wakapiga makofi. Fundi alikuwa wa mwisho. Alikamata mkono uleule. Ulikuwa baridi.

Nyonga ikageuka. Mkono ukakawia, safari hii zaidi.

Fundi akauzamisha uzito wake visiginoni, akabaki wima.

Makofi yakakatika. Mwenyekiti alimkonyeza, kisha akamtolea macho. "Anguka, we!" alinong'ona kwa hasira.

Hakuanguka. Mwalimu alijaribu tena. Vidole vilitetemeka ndani ya kiganja cha shemeji yake, halafu vikatulia, vizito kama vya mtu aliyelala. Kona moja ya mdomo wa Mwalimu ilikuwa imeshuka.

Alimtazama Fundi, bila hasira. Kisha akageuka taratibu, akawatazama wanafunzi wake waliopiga magoti ukingoni mwa mkeka, ambao sasa kila mmoja alikuwa akitazama magoti yake.

"Tangu lini," aliuliza, ulimi ukimkwama, "tangu lini mnajiangusha?"