Mbili ni Nitoe

Mwalimu Athanas alikuwa na mwongozo. Makaratasi kumi na manne ya kutoa kopi, yamebanwa kwa pini iliyoota kutu, na humo ndani kila shairi la zamani lilishachinjwa, likachunwa na kugawanywa vipande: dhamira huku, taswira kule, ujumbe mkiani. Kazi ya mwanafunzi wa kidato cha nne ilikuwa kukariri nyama ipi iko sahani ipi. Ukichanganya sahani, umekosa, hata kama nyama umeila wewe mwenyewe.

Vaileth Marcelino alikuwa amechanganya sahani zote. Karatasi yake ya moko, mtihani wa majaribio, ilirudi Jumanne na alama mbili kati ya ishirini kwenye swali la ushairi, na hizo mbili, alisema Mwalimu Athanas mbele ya darasa zima, alimpa kwa sababu ya mwandiko.

Shairi lenyewe ni la zamani, mtunzi wake hajulikani. Lina beti tano, lakini ugomvi wote ulikuwa kwenye ubeti wa tatu, na mwalimu akauandika ubaoni upya ili kila mtu aone mwenzao alivyojikwaa mahali peupe:

Nilishuka mle ndani, kiunoni nina kamba,
Ndugu kaketi jiweni, kilemba amejipamba,
Mara mbili toka chini, naitikisa naomba,
Naye bado yu jiweni, namsikia aimba.

Davis, ambaye angeweza kukariri hata orodha ya bei ya duka la dawa, alisimamishwa asome majibu ya mwongozo. Akasoma bila kupumua. Kamba ni taswira ya umoja na mshikamano. Kilemba ni hekima ya uongozi. Kuitikisa kamba mara mbili ni dua na unyenyekevu wa mwanadamu. Wimbo wa ndugu ni faraja. Dhamira kuu ni subira. Alipomaliza akaketi na kumkonyeza Vaileth, kama mtu aliyemfungia bao.

Vaileth akanyoosha mkono. Aliuliza kwa adabu kwanza, hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walisimulia kana kwamba aliingia darasani na panga. Aliuliza huyu aliye chini ana dua gani inayoombwa kwa kutikisa kamba, na kama ni dua, mbona hakufunga mikono akasali tu kama watu wengine. Mwalimu akamwambia hiyo ni lugha ya picha. Vaileth akasema picha anaiona vizuri sana, ndiyo maana anauliza. Mwalimu akamwambia akae, mwongozo umeandikwa na watu waliosoma kuliko yeye.

Hapo ndipo adabu ilipomwishia.

"Sawa, mwalimu," alisema akiwa bado amesimama. "Basi siku ukitumbukia kwenye choo cha shule, tutakurushia kamba. Ukiitikisa mara mbili tutakaa juu tuimbe mapambio, tukijua unasali."

Darasa likapasuka. Davis alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye dawati la nyuma. Mwalimu Athanas hakucheka. Alikuwa kijana, mwaka wake wa pili kazini, shati lake limepigwa pasi kama bahasha, na kitu alichokiogopa kuliko njaa ni kuchekwa. Alikunja mwongozo wake, akatoka, na kabla ya kengele Vaileth alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wa shule.

Hukumu ilikuwa fupi. Aandike barua ya kuomba radhi. Kwenye karatasi ya pili ajibu swali lile upya, kwa mujibu wa mwongozo. Kesho yake aje na mzazi, asaini mbele yake. Asipofanya hivyo, akakae nyumbani mpaka wiki ya mtihani wa taifa, asome na kuku.

Barua ya radhi angeiandika. Hata yeye alijua kumtumbukiza mwalimu chooni mbele ya watu arobaini si jambo la kujivunia sana, ingawa alijivunia kidogo. Karatasi ya pili ndiyo iliyomkwama kooni. Aandike kwa mkono wake, na kusaini, kwamba mtu aliye shimoni akitikisa kamba mara mbili anasali.

Maana maneno hayo alikuwa ameyasikia kabla ya Mwalimu Athanas.

Baba yake, Marcelino, alifia kwenye duara upande wa Geita, shimo la wachimbaji wadogo, miaka miwili na nusu iliyopita. Juu, kwenye kamba, alikuwa mdogo wake wa damu, Wiliam. Maiti ililetwa nyumbani Ushirombo, kwa wakulima wa mihogo na mahindi, watu wa kanisani ambao dhahabu wanaijua kwenye kikombe cha padri tu. Wiliam alisimama msibani na kueleza. Udongo ulishuka ghafla, alisema. Kabla haujamfunika, kaka yake aliitikisa kamba mara mbili. "Alikuwa anatuaga," alisema Wiliam. "Alikuwa anasali." Wanawake wakalia kilio kipya. Mama Vaileth akayachukua maneno yale akayafunga kwenye pindo la khanga, na tangu hapo kila jumuiya ilipokutana kusali aliyasimulia: mume wangu alikufa akisali, mdogo wake aliishika sala yake mkononi. Hakuna aliyeuliza kitu. Nani angeuliza? Pale msibani, ukimtoa Wiliam mwenyewe, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kushuka duara.

Vaileth mwenyewe aliamini. Aliamini mpaka Desemba iliyopita, alipokwenda likizo kumsaidia mama yake mkubwa, aliyeanza mwaka ule kupikia wachimbaji huko Geita. Siku ya tatu, akipeleka wali, akamwona mshika kamba anaruka kutoka alipoketi na kuanza kuvuta kama aliyeumwa na siafu. Akamuuliza amejuaje. Yule mtu akamcheka, binti wa mchimbaji gani asiyejua kamba? Moja ni shusha. Mbili ni nitoe. Mtoto wa miaka mitano pale anajua.

Alirudi shuleni Kahama akiwa na jambo hilo kifuani, na Kahama alikuwa anaishi kwa nani? Kwa baba mdogo Wiliam. Huyo aliyeacha uchimbaji wiki ile ile ya msiba akawa dereva wa bajaji, aliyemchukua mtoto wa marehemu ili asome, ambaye watu wa mtaani walimsifu kwa moyo wake. Miezi minane Vaileth alimwamkia shikamoo kila asubuhi na kuitikiwa marahaba. Kila jioni alimpakulia ugali. Na kila alipotaka kufungua mdomo, alimwona mama yake kwenye jumuiya, na pindo lile la khanga, akaufunga. Hasira ikakosa pa kwenda. Ikatokea kwenye karatasi ya moko.

Jumatano baba mdogo alikuja shuleni, bajaji akaiacha getini. Aliambiwa tu kwamba mtoto amemjibu mwalimu vibaya, na alikuja amejipanga kwa hilo. Alimwamkia kila mtu, akavua kofia, akaomba radhi kabla hajaulizwa, akasema watoto wa siku hizi wanakula mtandao asubuhi na jioni. Mwalimu Athanas akalainika. Wakacheka wawili hao. Vaileth, amesimama karibu na kabati la faili, aliviona vicheko vile vinamtambaa shingoni kama chawa.

Mkuu wa shule hakucheka. Madamu Epifania alikuwa mama wa Ngokolo, Shinyanga, mnene, mpole wa sauti, na alikuwa na tabia moja mbaya kwa walimu wavivu: alisoma vitu. Alikuwa ameisoma karatasi ya Vaileth usiku wa jana yake. Akavaa miwani, akamsomea mzazi ubeti ule kwanza, kisha jibu la mtoto, polepole:

"Kamba si umoja. Anayeshika kamba ndiye anayejua kuliko wote, kwa sababu kila mtikisiko unamfikia kiganjani. Hawezi kusema hakusikia. Yeye anaimba ili wengine wasisikie. Dhamira ya shairi ni usaliti. Mshairi haombi subira, mshairi ana hasira."

Wiliam aliacha kutabasamu, lakini midomo yake haikupewa taarifa, ikabaki wazi.

Mwalimu Athanas akaeleza kwamba jibu hilo halimo kwenye mwongozo. Madamu akasema ameona hivyo. Kisha akageuka, bila ubaya wowote, kama mtu anayemuuliza fundi bei ya bati. "Baba, hapa kwenye fomu imeandikwa ulikuwa mchimbaji. Hebu tusaidie sisi wa vitabu. Umekaa juu, kamba ikatikiswa mara mbili. Maana yake nini?"

Wiliam aliizungusha kofia mikononi. Alisema inategemea. Alisema kila machimbo yana mambo yake. Alisema ni zamani, amesahau.

"Mwambie, baba mdogo," alisema Vaileth. "Kule Ushirombo uliwaambia watu mia mbili bila kusahau."

"Vaileth."

"Mwambie."

Nje watoto wa kidato cha kwanza walikuwa wanafagia, wanapigana mifagio. Wiliam aliangalia mlango, akaangalia chini.

"Ni nitoe," alisema.

Mwalimu Athanas, Mungu amsaidie, alifungua mwongozo wake na kuanza kutafuta ukurasa. Alisema huenda kimuktadha tafsiri zote mbili zinaweza kukubalika. Hakuna aliyemsikiliza. Madamu Epifania alikuwa amevua miwani, maana sasa alikuwa ameona kwamba watu wawili mbele yake hawazungumzii shairi.

"Ukingo ulikuwa unameguka," Wiliam alimwambia Vaileth, haraka haraka. "Niliisikia. Niliishika nikaisikia, lakini kuvuta ilikuwa lazima nisimame pale pale ukingoni. Ningekwenda naye. Mungu anajua ningekwenda naye."

"Sikuuliza kwa nini hukuvuta." Sauti yake ilitoka nyembamba, yeye mwenyewe ilimshangaza. "Kuogopa hata mimi ningeogopa. Nauliza kwa nini ulimwambia mama alikuwa anasali. Baba alikuomba wewe. Ukamfundisha mama kusema alikuwa anamwomba Mungu. Miaka miwili na nusu anasimulia uongo wako akiwa amepiga magoti."

Wiliam alilia, ndiyo, lakini machozi Vaileth alikuwa ameshayaona msibani na hayakumpunguzia kitu.

Madamu Epifania akamshika mkono. "Ng'wanawane," alimwita, mwanangu, kwa Kisukuma. Akamwambia taratibu kwamba barua ya mwalimu ailete Ijumaa kwa ajili ya lile la choo, na ile karatasi ya pili haitakuwepo. Kisha akaongeza kwamba mama yake huko kijijini huenda ameshapoa, na kidonda kilichopoa mtu hakichokonoi.

"Hajapoa, madamu," alisema Vaileth. "Amedanganywa."

Akaomba ruhusa ya siku moja. Akapewa. Akamwambia baba mdogo waondoke. Wiliam akasema Jumamosi, atajipanga, amtafutie shemeji yake hata kilo mbili za sukari. Vaileth akamwambia magari ya Ushirombo yako stendi sasa hivi na sukari haitakiwi.

Walifika saa tisa. Mama Vaileth alikuwa uani anamenya mihogo. Alifurahi kuwaona, akauliza kuna heri gani katikati ya wiki, akainuka kumtafutia shemeji kiti. Vaileth akamzuia. Wiliam alisema akiwa amesimama, kofia mkononi, na alisema yote, kamba na ukingo na maneno ya msibani. Mara mbili alinyamaza na kumtazama Vaileth, labda amsaidie. Vaileth hakumsaidia.

Mama alikaa na kisu mapajani. Kwa muda mrefu alimenya muhogo ambao ulikuwa umeshamenywa. Kisha akauliza swali moja.

"Aliitikisa kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, shemeji."

Mama akaitikia kwa kichwa. Hakulia, hakupiga kelele. Aliweka kisu kwenye sufuria, akajifunga khanga vizuri, akamwambia Vaileth apite kwa jirani yao Baba Mayala, na kwa mwenyekiti wa jumuiya, na kwa wote waliokuwepo siku ile ya msiba, waje, jua bado lipo. Asiwaambie ni nini. Wataambiwa na mwenyewe.

"Na wewe," alimwambia Wiliam bila kumtazama, "usiketi."

Vaileth akatoka, akaanza na nyumba ya karibu.