Tundu la Mgongoni

Mwalimu wa hesabu alikaa ukingoni mwa meza ya upasuaji saa tatu asubuhi, mgongo wazi, mto kaukumbatia, tumbo la miezi tisa likimzuia kuinama kama alivyoambiwa. Mtu wa ganzi alimwomba ajikunje zaidi. Sindano iligonga mfupa mara mbili, mara ya tatu ikapenya. Mtu wa ganzi alikuwa muungwana: aliomba radhi, akaeleza kwamba sindano nyembamba ziliisha zamani na hii nene ilikuwa ya kazi nyingine, ila ndiyo iliyokuwepo. Baada ya dakika chache miguu ya mwalimu ikawa kama ya mtu mwingine. Alihisi tumbo likipekuliwa kama begi linalotafutwa kitu chini kabisa, bila maumivu, kisha akasikia mtoto wa kike akilia. Kwenye faili wakaandika kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri.

Siku ya pili nesi alimwinua ili anyonyeshe, na kichwa kikataka kupasuka. Akilala, kinatulia. Akiketi, kinaanza upya. Na alipoketi, maji yalitoka kwenye tundu la sindano, maangavu, ya uvuguvugu, yakashuka kiunoni, yakalowesha shuka na kudondoka sakafuni. Nesi alinusa shuka, akaona si mkojo, akaleta nyingine. Alisema tu kwamba wazazi wa siku hizi wana mambo mengi. Siku ya nne wakaruhusiwa.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa ameshatandika godoro sebuleni. Alikuwa amezaa watoto saba bila kuguswa na kisu, na hakuona sababu ya kuficha jambo hilo.

"Wewe hukuzaa, mwanangu," alisema huku akimwaga beseni la kwanza. "Umetolewa mtoto."

Akilala, maji yalikuwa matone. Akiketi, ndoo ya lita kumi ilijaa kwa dakika arobaini. Bomba la mtaani lilitoa maji mara mbili kwa wiki, kwa hiyo mama mkwe hakumwaga beseni la pili. Alifulia nepi, zikatakata kwa sabuni kidogo.

Mume, fundi wa majokofu, alijaribu plasta, kisha gundi ya mpira. Jioni moja aliweka sikio mgongoni mwa mkewe, akasikiliza kwa muda mrefu kama afanyavyo kazini, akasema kuvuja kwa namna ile huzibwa kwa ndani, nje utabandika mpaka uchoke.

Wiki ya tatu alimpeleka hospitali, kalala nyuma ya pikapu ya karakana. Daktari kijana alimpima, akakubaliana na fundi. Angetoa damu mkononi mwa mwalimu, angeichoma mgongoni, ingeganda na kuziba tundu. Kazi ya nusu saa. Alichohitaji ni faili kusema kwamba tundu linavuja, na neno hilo lilihitaji saini ya mganga mkuu.

Mganga mkuu alilisoma faili lote, bila haraka.

"Sindano ilichomwa sawasawa," alisema. "Imeandikwa hapa."

"Na haya maji, daktari?" mume aliuliza.

Mganga mkuu alisogeza kiatu kisilowe. "Maji hayamo kwenye faili."

Daktari kijana alichukua dekio akakausha sakafu mwenyewe, hata kwenye pembe ambazo hazikuwa zimelowa.

Likizo ilipokwisha, mwalimu alirudi kazini. Mkuu wa shule aliamuru benchi la ofisi ya walimu lipelekwe darasani, na mwalimu akafundisha chali, akielekeza ubaoni kwa ufito mrefu. Wanafunzi walipokezana ndoo. Somo la ujazo walilielewa kuliko darasa jingine lolote, na mkaguzi aliyepita aliandika kwamba mwalimu anatumia zana halisi.

Mtoto alikua. Alijifunza kwamba akilia, anayekuja ni bibi, na mama ni mahali pa kuendewa. Mwalimu hakuwahi kumbeba akiwa amesimama. Hilo hakumwambia mtu, maana kila aliyemtembelea alimkumbusha ashukuru Mungu, mtoto yu mzima.

Siku moja mama mkwe akiwa uani, mtoto alipanda kiti akaanguka. Mwalimu aliinuka. Alimwokota, akamweka begani, akatembea naye hatua nne hadi mlangoni penye jua, macho yakiingia giza, maji yakimfika vifundoni na kuvuka kizingiti. Alisimama pale akimpigapiga mgongoni mpaka kilio kikakatika. Kisha akaanguka, mtoto bado mkononi.

Mama mkwe aliyaona maji uani kabla hajamwona yeye. Aliingia, akaketi sakafuni palepale palipolowa, akaulaza ule mkono uliomkumbatia mtoto, akakipakata kichwa cha mkwewe.

"Lala," alisema. "Umezaa. Nilisema vibaya."

Mwalimu alilia kidogo, chali, machozi yakimwingia masikioni. Mwilini mwake maji yalikuwa tele, na hayo machache ndiyo pekee yaliyomuuma kuyatoa.

Kufikia mwaka wa pili, mtaani wanawake waliovuja mgongoni walikuwa kumi na mmoja. Walijuana kwa nguo zilizoanikwa. Waliandika barua, mwalimu akapanga hesabu: tarehe, lita, saa za kuketi. Waume na kaka waliwapeleka wote kwa mikokoteni, wakawalaza barazani mwa hospitali. Mganga mkuu aliwapokea kwa heshima. Alichukua maji kwenye chupa ndogo, akayapeleka maabara, na baada ya wiki akawajulisha kwa maandishi kwamba ni safi, hayana wadudu, na hospitali imelichukua suala lao kwa uzito.

Mwezi uliofuata mafundi walikuja wodi ya wazazi na mashine ya kutobolea zege. Walifanya kazi siku tatu.

Wifi yake mwalimu, mdogo kabisa katika wale saba, alipofika kujifungua alipewa kitanda karibu na dirisha. Nesi alimkunjulia shuka mpya, akamwonyesha choo kilipo, kisha akamwonyesha, chini ya kitanda, tundu la kupitishia maji.