Sweta ya Nyuma ya Mlango

Tangu afiwe na mkewe, fundi cherehani aliishi bora liende. Binti yake ndiye aliyeng'ang'ana: "Baba, chukua mbwa, angalau nyumba ipate sauti." Akakubali, maana kukataa nako kulitaka nguvu.

Mbwa mwenyewe alikuwa mtoto wa miezi minne, kaokotwa jalalani, akilelewa kwa muda na nesi mstaafu asiyejua mchezo. "Kwangu mbwa habebwi kama kuku wa sokoni, mzee wangu," nesi alisema. "Niletee kwanza nguo unayoivaa, isifuliwe. Atailalia wiki nzima, ili akifika kwako akujue."

Fundi alikwenda nyumbani, akachomoa sweta nyuma ya mlango bila kuitazama, akaipeleka.

Wiki ilipotimia alirudi nyumbani na mbwa, na sweta ndani ya mfuko. Mbwa akamnusa viatu, akampita kama anapita nguzo. Akaingia chumbani, akarukia kitanda, akanusa mto wa upande wa ukutani, ambao foronya yake haijabadilishwa tangu msiba. Mkia ukamcheza. Kisha akarudi sebuleni, akaketi mbele ya mlango, macho kwenye kitasa.

Fundi akafungua mfuko. Sweta ilikuwa ya mkewe. Vifungo vyake fundi alivishona yeye mwenyewe.

Hakulia. Alivuta kigoda, akaketi kando ya mbwa.

"Mimi nimemngoja miezi saba," akamwambia. "Haya, shika zamu."