Uso wa Mfalme Aliyekufa

Murugi ni fundi wa saa mjini Nyeri, lakini moyo wake uko kwenye sarafu za zamani. Zile za fedha za Kihispania alizijua kwa picha tu, katika kitabu kinene anachokiweka chini ya meza ya kazi.

Jumanne moja aliingia Safiyo, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, na mkufu uliokatika. Ulikuwa na sarafu mbili kubwa za fedha.

"Wa nyanya yangu," alisema. "Binti yangu Fowsia anaolewa Jumamosi, atauvaa. Uunganishe, lakini hii moja itoe. Sonara amesema ni bandia."

"Amejuaje?"

"Angalia. Uso ni ule ule, jina si lile."

Murugi alivaa lenzi. Sarafu ya mwaka 1788 iliandikwa jina la mfalme, CAROLUS III. Ya 1790 iliandikwa CAROLUS IV, na pua ilikuwa ile ile ndefu. Alisikitika. Mfalme wa tatu na wa nne hawawezi kuwa na sura moja.

Lakini alipozipima, uzito ulikaribiana sana. Ukingoni, duara na mistatili vilipokezana vizuri kwenye zote mbili. Mtu wa kughushi angejisumbua hivyo, kisha akosee jina? Akakitoa kitabu, akafunua kurasa hadi kidole kikasimama.

"Mama Fowsia, njoo uone!"

Alimweleza. Mfalme wa tatu alifariki Hispania, mwanawe akatawala. Sarafu hizi zilitengenezwa Meksiko, ng'ambo ya bahari, na picha ya mfalme mpya ilichelewa kufika. Mafundi wakabadilisha jina, uso wa marehemu wakauacha.

"Kwa hivyo si bandia?"

"Ni halali kabisa. Tena hizi ni chache kuliko zile nyingine."

Safiyo alicheka mpaka akashika meza. "Maskini, amekufa na bado yuko kazini! Basi zote zibaki. Zing'arishe kidogo."

"Hapana, mama. Nikizisugua nitamnyoa mfalme nywele."

Aliunganisha mkufu, akaishika ile sarafu ya 1790 kiganjani kwa muda kabla ya kumrudishia Safiyo mkufu. Safiyo alimwona, akamwalika arusini.

Jumamosi, huko Nanyuki, Fowsia aliwasimulia mawifi zake habari za mfalme huyo, jina akilitamka ovyo ovyo. Murugi hakumsahihisha. Alikuwa ameketi kati ya shangazi wawili, sahani ya pilau magotini, akimsikiliza kwa raha.